Nuksi Nyuma ya Ukuta

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa sindano, na kuna wanaoogopa mama mkwe, ingawa hao hawasemi. Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa anaogopa macho yake mwenyewe. Msicheke. Subirini nimalize, halafu atakayetaka kucheka acheke.

Mtu mwenyewe ni wa kawaida kabisa: mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi, poda imemganda kwenye kucha. Duka lake lina viti viwili, kimoja kinazunguka na kingine kilikuwa kinazunguka. Lina kioo chenye ufa kwenye kona, lina redio juu ya rafu kati ya chupa ya spiriti na kopo la vitana, na lina benchi refu ambalo siku za mechi hujaa watu wasio na nywele za kunyoa. Hao ni mashabiki wa Zambarau. Timu yetu ina jina lake rasmi, lakini tangu dobi alipolowesha fulana nyekundu na bukta za bluu kwenye beseni moja, hakuna anayelikumbuka. Tulicheka, tukazoea, mwishowe tukaipenda rangi hiyo. Wanaume ni Zambarau, wanawake ni Zambarau, na kufungwa wanafungwa wote.

Kwenye benchi lile, jina la kinyozi ni Nuksi.

Lilianza kama utani. Enzi hizo bado kijana, kachelewa mechi kwa sababu ya mteja mwenye ndevu za ukaidi. Anaingia uwanjani, Zambarau wanaongoza mawili bila. Anakaa, anafuta jasho, anauliza, "Vipi, hali ikoje?" Kabla hajajibiwa, goli. Kisha lingine. Kisha la tatu, tena la beki wetu mwenyewe, kichwa kizuri sana, angekipiga upande wa pili tungemjengea sanamu. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea duka la kinyozi na ambaye neno likimfika mdomoni halijui kusubiri, akamgeukia: "Kaka, wewe ni nuksi!" Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Mechi iliyofuata akaenda, tukafungwa. Nyingine akaenda, tukafungwa tena. Haki ya nani, Zambarau walikuwa wanafungwa hata asipokwenda, ila hizo hakuna aliyezitilia maanani. Halafu ukaja mwaka wa kombe. Siku ya fainali kinyozi alikuwa kitandani, malaria imemkamata, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Zambarau wakachukua kombe. Mji mzima ukamwagika barabarani, na watu wa benchi wakaja dirishani kwake kumshukuru kwa kuugua. Walimletea machungwa. Mwaka uliofuata, ligi ilipokaribia kuisha, fundi viatu alimuuliza kwa upole kabisa kama hajisikii homahoma.

Basi utani ukageuka sheria. Mechi ikitangazwa redioni, Nuksi anyoe, lakini kona ikipigwa atazame pembeni. Penalti ikitokea, atoke nje. Atoke na mashine yake mkononi, amwache mteja kwenye kiti na shuka shingoni, aende uani akafue taulo mpaka aitwe. Siku moja karani wa benki alirudi kazini amenyolewa upande mmoja, maana penalti ilirudiwa, refa akazingirwa, na muda wa chakula ukamwishia kitini. Akiulizwa kulikoni, karani anasema, "Tulishinda lakini."

Watu wa benchi waliona ni mchezo. Wakishamaliza kucheka wanakwenda zao kula. Kinyozi ndiye aliyebaki na lile jina, na jina likikaa na mtu peke yake linaota mizizi. Akaanza kujichunguza. Mtoto wa jirani alipofeli mtihani, alikumbuka kwamba asubuhi ile alimtakia heri. Paka wa fundi viatu alipogongwa, alikumbuka kwamba alikuwa amemtazama akivuka. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa kusafisha vidonda na kupima joto, na mambo ya nuksi alikuwa anayatupa kwenye ndoo moja na pamba chafu.

Wana mtoto mmoja, binti. Mtoto huyu, sijui kwa nini Mungu anapenda mzaha, alitokea kuwa kipa. Tangu yuko shule ya msingi, mpira ukipigwa yeye anaufuata kwa mikono kama anadaka kuku. Mtaa mzima ukamwita Kipa, nyumbani wakamwita Kipa, na wazazi wake wakawa Mama Kipa na Baba Kipa. Alipofikisha umri, Zambarau wanawake wakamchukua. Kinyozi alifurahi siku hiyo mpaka akampulizia mteja spiriti kwenye jicho. Halafu akakaa chini, akakumbuka macho yake.

Alikwenda kumwona mara moja tu. Alivaa kofia ya kuazima, akakaa mwisho kabisa, nyuma ya nguzo. Alisema atatazama kidogo, kwa jicho la pembeni. Akatazama. Kipa akaruka kuufuata mpira wa juu, mshambuliaji akaja na goti, wakagongana, na binti akaanguka kama gunia. Mfupa wa begani ulivunjika. Wakamtoa kwa machela, uso umekuwa rangi ya majivu, naye baba mtu yuko nyuma ya nguzo, kofia ameiuma kwa meno.

"Mfupa umevunjwa na goti la yule msichana," Mama Kipa alimwambia mumewe kule zahanati, akifunga bandeji. "Goti, Baba Kipa. Mimi nimeona alama yake. Macho yako hayavunji mtu mfupa."

"Nilimwangalia, Mama Kipa. Palepale nilipomwangalia."

"Na watu wote waliojaa uwanjani walikuwa wanaangalia nini, mawingu?"

Lakini mtu mwenye hofu ukimshinda kwa maneno anakwenda kuogopa kimya kimya, basi. Tangu siku hiyo, binti akicheza, kinyozi alikuwa anafunga redio, anageuza kiti kisitazame kioo, anafagia duka lililokwisha fagiwa. Anasikiliza barabara kama mtu anayesubiri habari ya hospitali. Akimwona binti anarudi kwa miguu yake, mikono yote ipo, ndipo anapumua, na kama walifungwa anasema pole kwa sauti ya furaha mpaka binti anamshangaa.

Kitu kimoja hakikuacha. Kabla ya kila mechi Kipa alikuwa anakaa kwenye kile kiti kinachozunguka, na baba yake anamnyoa. Alikuwa anapenda nywele fupi kabisa, zisimwingie machoni. Hapo ndipo walipokuwa wanazungumza, wanatazamana kwenye kioo, kila mmoja ufa umempita usoni.

Sasa njooni kwenye mechi yenyewe. Zambarau wanawake walikuwa wamebakiza mchezo mmoja, nyumbani, na walikuwa wanaponea kwenye tundu la sindano. Wakishinda au wakitoka sare, wanabaki ligi kuu. Wakifungwa, wanashuka, na mwenyekiti wa klabu alishasema timu ya wanawake ikishuka itajitegemea. Mwenyekiti akisema kujitegemea, maana yake mkafie mbele.

Asubuhi ya mechi, Kipa alikaa kitini. Kinyozi akamfunga shuka, akawasha mashine. Alikuwa amefika nyuma ya sikio binti aliposema:

"Baba, leo uje."

Mashine ikaendelea kulia.

"Baba. Mama atakuwekea kiti. Pale karibu na goli, nikigeuka nikuone."

"Mwanangu, unajua mimi..."

"Najua. Nimekua nikilisikia hilo neno mpaka nimelichoka. Sikiliza, baba. Nikidaka, nataka uone. Na nikifungwa, nataka uone vilevile. Wenzangu wote wanaangaliwa na kwao. Mimi nikidaka mpira naangalia jukwaani, namwona mama, halafu namwona mama tena."

Kinyozi akapitisha mashine tena nyuma ya sikio. Akasema, "Nitakuja." Akasema tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba aliyekataa ni mtu mwingine mle dukani, "Nitakuja, mwanangu." Na mkono ukateleza. Tone la damu likatoka juu ya sikio la binti, dogo tu, la kuweka spiriti likaisha. Kipa alisema "ah" akacheka. Baba yake alilitazama lile tone kwenye pamba, na moyo ukampaa. Hata sijaenda, akawaza. Hata sijaenda bado.

Mama na binti wakatangulia. Yeye alisema atafunga duka awafuate. Alinyoa mteja mmoja, akabadili shati, akalibadili tena kwa sababu la kwanza lilikuwa limelowa kwapani. Alikuwa anabana kufuli fundi viatu alipotoa kichwa kibandani. Huyu alikuwa na shughuli ya viatu vya harusi, alisema ataisikiliza mechi redioni.

"Unafunga? Unakwenda wapi?"

"Uwanjani."

Fundi viatu alianza kucheka, halafu akaona lile shati, na kicheko kikamfia mdomoni. Ingekuwa afadhali angefoka. Ingekuwa afadhali angetukana, kinyozi angeondoka na hasira, na hasira ingemfikisha. Lakini fundi viatu aliweka sindano chini, akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Kaka, sisemi usiende. Mtoto ni wako. Ila..."

Akaishia hapo. Akaokota sindano, akainamia kiatu. Na ile "ila" kinyozi akaondoka nayo, akatembea nayo njia nzima, na kila hatua ilikuwa inazidi uzito. Ila wakifungwa? Ila akivunjika tena? Ila mfupa uleule? Kwenye duka la simu akasimama kufunga kamba ya kiatu. Kwenye kituo cha mafuta akasimama kuifunga tena. Alipofika getini mechi ilikuwa imeanza, mwuza tiketi anahesabu vichwa vya waliobaki nje na kuwahimiza. Kinyozi alikuwa ameshika tiketi, mguu mmoja ndani ya geti, wakati uwanja ulipolipuka.

Goli. Zambarau moja, wageni bila.

Watu walimpita mbio kuingia. Yeye alisimama palepale, tiketi mkononi. Wamefunga bila yeye. Hajaingia, wamefunga. Angeweza kuingia akakaa kwenye kiti kile, na binti angegeuka akamwona, na halafu je? Akilini alimwona Kipa yuko chini, akamwona waziwazi kabisa, uso wa majivu, machela inakuja. Mwuza tiketi akasema, "Mzee, unaingia au unatoka?"

"Natoka," kinyozi akasema.

Lakini kwenda nyumbani hakuweza. Akazunguka uwanja kwa nje, akapita kwenye matanki ya maji na jalala, mpaka nyuma kabisa, ambako ukuta uko nyuma ya goli. Akageuka, akaegemeza mgongo, akafumba macho. Alijiambia hapa si ndani. Hapa sioni kitu. Mtu asiyeona hawezi kudhuru.

Kipindi cha kwanza mpira ulikuwa mbali, kelele zinakuja na kuondoka. Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande, na ghafla akamsikia. Hatua chache tu nyuma ya mgongo wake, upande wa pili wa matofali, sauti ya binti yake: "Wangu! Wangu! Toka, toka, nimeuona!" Jamani, sauti ile. Hajawahi kuisikia nyumbani. Nyumbani Kipa anaomba chumvi kwa sauti ya kunong'ona. Huku alikuwa anaamrisha mabeki kama mwenye nyumba. Kinyozi akajikuta anatabasamu na macho yamefumbwa, machozi yanapenya pembeni. Kuna tundu ukutani, watoto walilichimba zamani wachungulie bure. Lilikuwa usawa wa bega lake. Angegeuza shingo tu.

Hakugeuza.

Wageni wakasawazisha. Alijua kwa sababu kelele zilitoka upande usio wa kwetu na sauti ya binti ikanyamaza kidogo. Bado sare, akawaza, sare inatosha, Mungu wangu, iache hivihivi. Akawa anahesabu pumzi zake. Kisha akasikia miguu inakuja mbio, akasikia "Wangu!", na baada ya hapo akasikia kishindo. Si cha mpira. Mtu aliyewahi kusikia mwanawe akivunjwa bega anajua mwili ukigonga mwili unaliaje. Filimbi ikalia. Uwanja mzima ukawa kimya.

Nani aliyewahi kuogopa kimya cha watu wengi? Kelele unaweza kubishana nazo. Kinyozi alibana kiganja ukutani, akasikiliza sauti moja tu, aseme hata "ah" kama asubuhi. Hakuna. Sikio moja likawa linavuma. Tundu lile liko hapo. Mguu mmoja ulitaka kukimbilia getini na mwingine ukakataa, na ukatili wa jambo lenyewe ni kwamba kila mguu ulikuwa unadai unampenda mtoto. Ukienda utammaliza. Usipokwenda yuko peke yake. Akachuchumaa palepale penye maganda ya miwa, akaziba masikio. Mtu mzima, baba wa watu.

Alipoyazibua, mpira ulikuwa unaendelea. Sauti ya Kipa hakuisikia tena. Karibu na mwisho wageni wakapiga kelele, kelele ndefu ya kushangilia, na filimbi ya mwisho ikalia juu yake.

Aliwasubiri dukani, kwenye benchi. Walikuja wote wawili kwa miguu, mama amebeba mfuko wa jezi, binti ameshika barafu begani, matope mpaka kwenye nyusi. Kinyozi akasimama. Akamtazama mikono, akamtazama mabega, vyote vipo. Na kwa mara ya kwanza hakuweza kupumua.

"Sikuingia, mwanangu. Nilifika, lakini..."

"Najua, baba."

"Nilidhani nikikaa mbali..."

"Tumefungwa," Kipa akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuua. "Tumeshuka. Na wewe hukuwepo. Sasa tumlaumu nani?"

Akapita uani, akaingia nyumbani kwao nyuma ya duka. Mama Kipa akabaki mlangoni, akauweka mfuko chini.

"Aligongwa," alisema. "Ni kuteguka tu, hakuvunjika. Alilala pale mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuteremka. Unajua alipofungua macho alifanya nini? Hakushika bega. Hakuangalia mpira ulipo. Alinyanyua kichwa akatazama kiti chako. Nilikuwa nimeweka mkoba wangu juu yake."

Na yeye pia akaingia ndani.

Mashabiki wakaja baadaye, fundi viatu na wenzake, nyuso zimeshuka. Walikaa kwenye benchi kama msibani. Walikuwa wamechanganyikiwa kweli. Kushuka daraja waliweza kukumeza, ila hili la pili liliwasumbua: tumefungwaje wakati Nuksi hakuingia? Fundi viatu alikuwa na deni la maelezo, maana nadharia yote ni yake.

"Kaka, hebu tuambie. Wewe ulikuwa wapi hasa?"

"Nyuma ya ukuta. Upande wa goli."

Wakatazamana. Mungu ni shahidi, nyuso zikang'aa.

"Aaah!" fundi viatu akapiga paja. "Ukutani! Sasa si umesema! Karibu mno, kaka! Kwa nini hukubaki dukani?"

Wakaanza kubishana. Mmoja alisema matofali hayazuii. Mwingine alisema tatizo ni mgongo, angeuelekeza barabarani tungepata sare. Kinyozi aliwasikiliza, na nitawaambia ukweli, alikuwa karibu kuwashukuru. Kulikuwa na faraja humo. Ikiwa ni ukuta, basi msimu ujao atakaa mbali zaidi, na mtoto atakuwa salama. Kuna la kufanya. Lakini kama si ukuta, kama si macho, kama goti la msichana yeyote linaweza kuja siku yoyote, awepo asiwepo, basi yeye hana kitu mkononi. Wakati huo ndipo alipoogopa hofu yenyewe iliyokuwa chini ya nyingine zote, na ilikuwa baridi kuliko malaria. Kuwa nuksi angalau ni kuwa na nguvu. Akaona miaka yote alikuwa amejificha ndani ya lile jina.

Akafungua mlango.

"Tokeni nje," akasema.

"Nini?"

"Mimi nimetoka miaka yote. Leo tokeni nyinyi."

Walidhani ni utani. Walipomtazama usoni walitoka, mmoja mmoja, na fundi viatu akasahau kofia.

Kipa hakununa. Alisalimia, alikula, alipika zamu yake. Ila nywele zilipokua hakukaa kwenye kiti. Siku moja alirudi nyumbani kichwa kimenyolewa. Amenyolewa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi mmoja kijana mwenye taa za rangi. Nyuma ya sikio la kushoto mstari umepinda kama njia ya mlevi. Kinyozi aliuona mara tu binti alipoingia mlangoni, akatazama sahani yake. Nyinyi mnaweza kusema nywele ni nywele. Hamjawahi kuwa kinyozi.

Timu ya wanawake ikajitegemea kama mwenyekiti alivyotaka. Uwanja wakanyimwa, wakahamia kiwanja cha shule ya msingi. Hakuna jukwaa, hakuna geti. Kuna magoli ya mabomba, chokaa imefutika nusu, na upande wa barabarani hakuna ukuta wowote. Mtu akitaka kujificha pale labda ajifukie.

Mechi ya kwanza ya ligi ya chini, kinyozi alifunga duka. Hakuna aliyemwomba. Alichukua kigoda cha dukani akatembea nacho, na hofu yake yote alikuwa nayo, msidhani alikuwa ameiacha nyumbani. Mama Kipa alipomwona anakuja alisogea kidogo tu, akaacha nafasi. Akaweka kigoda karibu na goli, akakaa, akakalia viganja vyake ili visionekane.

Binti alimwona. Aligeuka upesi, akaanza kupanga mabeki.

Akafungwa goli la kwanza, baba yake anatazama. Akafungwa la pili. Mashabiki waliokuja hawakufika hata kumi, fundi viatu akiwemo, na fundi viatu alimtupia kinyozi jicho, akafungua mdomo, akaufunga. Kila mpira uliovuka mstari wa katikati ulimpita kinyozi tumboni kwanza. Alitaka kufumba macho, hakufumba. Aliona jinsi binti anavyochuchumaa kidogo kabla ya kuruka, anavyotema mate pembeni, anavyopiga nguzo mara moja kwa kisigino. Mambo ya miaka yote, alikuwa hajui hata moja.

Kisha ikaja kona. Kipa akaruka. Mtu akaja na bega. Kishindo kilekile.

Binti yuko chini. Hatikisiki. Vumbi limemfunika nusu.

Kinyozi alikuwa ameshasimama, hajui amesimama saa ngapi. Kila kitu ndani yake kilimwambia geuka. Geuka uondoke, kimbia, pengine bado hujachelewa, ukifika barabarani atainuka. Njia ilikuwa wazi kabisa, hakuna geti. Kigoda kilikuwa kimeanguka nyuma yake. Mkewe alishaingia uwanjani mbio na mkoba wake. Yeye alibaki amesimama palepale, macho wazi, anamtazama mwanawe amelala chini, na sijui kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Kipa akafungua macho. Hakushika bega. Alinyanyua kichwa kutoka kwenye vumbi, akatazama ukingoni mwa uwanja, kwenye kigoda.

Kinyozi akainua mkono. Ulikuwa unatetemeka vibaya, kila mtu aliuona. Akauacha juu hivyohivyo mpaka binti aliposimama.

Walifungwa tatu bila. Zambarau ni Zambarau. Walirudi nyumbani kwa miguu watu watatu, mama mbele na mkoba, baba na kigoda, binti anachechemea kidogo katikati ya barabara. Wakafika kwenye kituo cha mafuta. Hapo Kipa akapeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto, akapapasa.

"Kesho nitapita dukani, baba," akasema. "Yule jamaa kaninyoa vibaya."

"Niliona," kinyozi akasema.